Ndovu Aliyemuua Hurst

Hapa Nakuru, ukipita mbele ya baa huwezi kukikosa kichwa cha ndovu juu ya chupa. Bia yenyewe sijaionja. Ladha yake nawaachia mabingwa wa kuonja. Langu ni habari za George Hurst.

Alikuwa mlowezi wa Kiingereza. Mwaka 1922, yeye na nduguye Charles walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka, karibu na Nairobi. Desemba mwaka huo wakapeleka kreti zao za kwanza Hoteli ya Stanley. Zilikuwa kumi tu! Siku hizi shayiri ya kutengenezea bia hulimwa hata Molo na Mau Narok, si mbali na mji huu.

George hakuwahi kuyaona hayo. Mwaka 1923 alikwenda kuwinda, ndovu akamuua. Kwa kumkumbuka, bia ikaitwa Tusker, yaani ndovu mwenye pembe. Ukumbusho huu wanishangaza: kwetu pwani kaburi huandikwa jina la aliyelala ndani, si la aliyemuua. Niliwauliza vijana wawili watatu hapa mjini. Ndovu walimjua, Hurst walidhani ni jina la shamba.