Wayland na Mawe ya Busiro

Wanaolijua jina la Edward James Wayland wengi wamelikuta kwenye habari za mafuta. Mwaka 1925 alichapisha ripoti juu ya petroli ya Uganda, akieleza mahali inapochuruzika yenyewe kandokando ya Ziwa Albert. Mimi namkumbuka kwa jambo dogo zaidi: mawe aliyoyaokota na kuyaandikia yalikotoka.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1888. Kabla ya kufika kwetu alifanya kazi Msumbiji na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka 1919 alianzisha Idara ya Jiolojia ya Uganda, makao yake Entebbe, akaiongoza miaka 20. Safari zilikuwa za miguu, na mawe yalibebwa vichwani mwa wapagazi. Hakuna madini hata moja yaliyopewa jina la mpagazi.

Siku hizo mawe ya kujifunzia yalikuwa ya Ulaya. Aliyetaka kuiona fedha kama ilivyotoka ardhini alionyeshwa nyuzi za fedha za Kongsberg, Norway. Shaba ilikuwa ya Cornwall, na bismuthi ya Schneeberg, Ujerumani. Wazungu walikuwa wamenunua na kurithishana vipande hivyo kwa karne nyingi. Migodi mingi ya namna hiyo imefungwa, kwa hiyo anayevitaka leo huvitafuta katika makabati ya watu waliokwisha kufa. Na kabla ya kulisifu jiwe, mkusanyaji hodari husoma kwanza kikaratasi kilicho chini yake: mgodi gani, mwaka gani, nani alilichukua. Jiwe zuri lisilo na kikaratasi ni pambo tu la mezani.

Wayland alikuja na desturi hiyo. Katika kilima cha Gamba, Busiro, kulipatikana madini meusi, mazito kuliko kawaida. Alishirikiana na L. J. Spencer, mtunzaji wa madini katika jumba la makumbusho la London, na mwaka 1929 wakayatangaza kuwa madini mapya: bismutotantalaiti, yaani bismuthi na tantalamu pamoja. (Uzito ni ushahidi wa zamani; al-Biruni alipima vito kwa njia hiyo karne tisa kabla yao.) Kuanzia hapo mambo yaligeuka. Popote duniani yanapookotwa madini hayo, hulinganishwa na yale ya Busiro, na Schneeberg haina la kusema.

Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na mawe yalisafiri kwenda London, hilo silifichi. Lakini jina la kilima halikupotea njiani, na kwa hilo namshukuru.

Aliondoka Uganda mwaka 1939, baadaye akafanya kazi ya jiolojia Bechuanaland, Botswana ya leo. Mwaka 1963 Oleg von Knorring na Mary Mrose walieleza madini mengine mapya ya bismuthi, kutoka kilima cha Wampewo, Busiro hiyohiyo, wakayaita waylandaiti. Mwenyewe alikuwa hai bado. Alifariki mwaka 1966.

Kwetu Jinja, ambako shaba ya Kilembe iliyeyushwa kuanzia mwaka 1956, tulikuwa na jiwe lenye madoa ya kijani lililozuia mlango usijifunge. Babu, mtu wa reli, ndiye aliyelileta. Babu ametangulia mbele ya haki, na nyumbani hakuna anayejua lilitoka shimo gani. Ukimpelekea mwalimu wa jiolojia atakwambia ni shaba, basi.

Hapa Mbale tuko karibu na Tororo, ambako vilima vinakatwa kwa ajili ya saruji, na Sukulu yenye fosfeti. Kinachosagwa leo hakirudi. Nina boksi la viatu chini ya kitanda changu hosteli, lenye mawe 11, na kila moja limefungwa na karatasi yake: kilima, upande wa kilima, tarehe, na jina la aliyenionyesha njia.