Chunilal Madan: Ahadi ya Serikali ni Deni

Ahadi ni deni, husema wahenga. Chunilal Bhagwandas Madan, aliyezaliwa mwaka 1912, anakumbukwa katika historia ya mahakama za Kenya kwa kushikilia kwamba deni hilo huifunga hata serikali.

Madan aliingia katika maisha ya umma akiwa wakili. Mwaka 1948 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Enzi hizo za ukoloni wapiga kura waligawanywa kwa misingi ya rangi, naye aliwakilisha Wahindi. Kabla ya muongo wa 1950 kumalizika, alikuwa waziri asiye na wizara maalumu. Mwaka 1961 aliipa siasa kisogo, akateuliwa kuwa jaji.

Mtu angeweza kushuku iwapo aliyekuwa waziri wa serikali ya kikoloni angeweza kuwa mwamuzi huru katika taifa jipya. Jibu lilipatikana polepole. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilipoundwa mwaka 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, Madan alikuwa miongoni mwa majaji wake. Mwaka 1983 aliteuliwa katika tume iliyochunguza mwenendo wa Charles Njonjo, na mwaka 1985 akawa Jaji Mkuu.

Mtihani mkubwa ulimkabili katika wadhifa huo. Stanley Munga Githunguri alikuwa ameshtakiwa kwa makosa ya fedha za kigeni yaliyodaiwa kutendwa mwaka 1976, ilhali Mkuu wa Sheria alikuwa amemhakikishia kwamba hatashtakiwa. Madan na majaji wenzake wawili waliamua kwamba kuyafufua mashtaka hayo baada ya takriban miaka tisa, kinyume cha ahadi iliyotolewa, kulikuwa ni dhuluma. Wakayapiga marufuku.

Madan aliondoka katika wadhifa wa Jaji Mkuu mwaka 1986. Miaka miwili baadaye, Bunge liliibadilisha Katiba na kuwaondolea majaji kinga ya kutofutwa kazi ovyo. Kinga hiyo ilirejeshwa mwaka 1990. Madan hakuishuhudia siku hiyo, kwani alifariki mwaka 1989. Hata hivyo, uamuzi wake haukuzikwa naye. Mawakili wa Kenya wameendelea kuurejelea kila wanapomtetea raia dhidi ya mashtaka ya uonevu.