Wallace, mchuuzi wa wadudu aliyefumbua fumbo la viumbe

Shuleni ukimbizini nilifundishwa jina la Darwin peke yake. Leo nawaletea mwenzake, Alfred Russel Wallace.

Alizaliwa Wales mwaka 1823. Aliacha shule akiwa na miaka 14 hivi kwa sababu ya umaskini. Mwaka 1848 alikwenda Amazon kukusanya wadudu na ndege wa kuuza Uingereza. Mwaka 1852, akirudi kwao, meli iliungua baharini na karibu mali yake yote ikateketea. Aliyewahi kupoteza mzigo njiani anamwelewa.

Hakukata tamaa. Mwaka 1854 alielekea visiwa vya Indonesia ya leo. Huko, mwaka 1858, akiugua homa, alipata jibu: viumbe huzaa watoto wengi kuliko wanaoweza kuishi, na watoto hao hawafanani. Mdudu mwenye rangi ya gome la mti haonwi upesi na ndege. Huyo hubaki, huzaa, na watoto wake hurithi rangi ile. Mdudu mmoja habadiliki. Vizazi vyake ndivyo vinavyobadilika, polepole.

Alimwandikia Darwin, ambaye alikuwa na wazo hilo kwa miaka 20 hivi bila kulichapisha. Maandishi ya wote wawili yalisomwa pamoja London Julai 1, 1858. Wallace alifariki mwaka 1913.

Wanafunzi wangu waliopoteza miaka ya shule kwa ajili ya vita huniuliza kama bado wanaweza kusoma. Mimi huwatajia Wallace.