Allidina Visram: alifungua duka kwanza, jina likafuata

Muuza viazi wa Bugeshi, wilayani Rubavu, anayepanga kusaka wateja wa Goma kwa WhatsApp na Facebook, atazame kwanza maisha ya Allidina Visram. Alizaliwa Kutch, India, mwaka 1851, akaja pwani yetu akiwa kijana, akaanzia Bagamoyo kwa tajiri Sewa Haji. Baadaye alifungua maduka yake kufuata njia za misafara hadi Uganda, akibadilisha nguo na chumvi kwa nta, asali na pembe za ndovu. Kufikia 1904 alikuwa na matawi zaidi ya 30. Kila tawi lilimtangaza. Siku hizi wengi hutuma picha, mzigo hauna wa kuupokea ng'ambo ya mpaka! Alifariki Mombasa mwaka 1916, kwa homa aliyoipata katika safari ya biashara Kongo.