John Scott Haldane: Aliyewapa wapiga mbizi na wachimbaji ishara ya hatari

Na Mwandishi Wetu

NI nadra kusikia habari za vifaa vya kupigia mbizi zikizungumzwa Nachingwea au Ruangwa, kwa kuwa wilaya hizo mbili za Mkoa wa Lindi hazina bahari. Hata hivyo, mchimbaji mdogo anayeshuka kwa kamba katika shimo la dhahabu huko Namungo, wilayani Ruangwa, na mpiga mbizi anayezama katika maji ya Lindi au Kilwa wanakabiliwa na adui mmoja. Adui huyo ni hewa ambayo ubaya wake hauonekani kwa macho na mara nyingi hausikiki kwa pua.

Sehemu kubwa ya kinga walizonazo leo watu hao wawili imetokana na kazi ya mwanasayansi mmoja wa Uskoti, John Scott Haldane, aliyefariki dunia mwaka 1936. Alitumia maisha yake kutafuta jibu la swali moja: binadamu atajuaje kwamba mahali alipo panamuua, wakati mwili wake mwenyewe haumwambii?

Haldane alizaliwa mjini Edinburgh Mei, 1860, katika familia yenye nafasi. Kaka yake, Richard, alikuja kuwa Waziri wa Vita wa Uingereza. John alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1884, lakini hakuvutwa na kazi ya kutibu wagonjwa wodini. Alivutwa na hewa. Akiwa Dundee, yeye na wenzake waliingia usiku katika vyumba vya maskini kupima hewa waliyokuwa wakiivuta watu waliolala wakiwa wamesongamana. Baadaye alihamia Oxford, ambako ndiko alikofanyia kazi sehemu kubwa ya maisha yake.

Jina lake lilianza kuvuma mwaka 1896. Januari ya mwaka huo, mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, Wales, uliua watu 57. Wengi waliamini kwamba marehemu waliuawa na kishindo na moto. Haldane alikwenda kuichunguza miili na akaona ngozi zikiwa na wekundu usio wa kawaida. Akabaini kwamba wengi wao walikuwa wameuawa na gesi ya kaboni monoksaidi iliyosambaa baada ya mlipuko.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ndiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, na ndiyo inayotolewa na injini za petroli. Inapoingia katika damu hushika nafasi ya oksijeni, na mtu hulegea kabla hajatambua kuwa yuko hatarini. Haldane aliyajua hayo kwa kujijaribia mwenyewe, akiivuta gesi hiyo katika maabara huku akipima damu yake na kuandika mabadiliko aliyoyaona.

Katika majaribio hayo aligundua kwamba wanyama wadogo, ambao hupumua kwa kasi, hulewa gesi hiyo mapema kuliko binadamu. Akapendekeza wachimbaji washuke na panya wadogo au ndege waitwao kanari, wa jamii ya chiriku. Ndege akiyumba na kuanguka kutoka kwenye kijiti chake, mchimbaji alikuwa bado na dakika chache za kukimbia. Migodi ya Uingereza iliwatumia ndege hao hadi ilipoamuliwa mwaka 1986 kuwaondoa na kuweka vipimaji vya umeme.

Kutoka ardhini, Haldane aligeukia majini. Mwaka 1905, Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilimtaka asaidie kujua sababu ya wapiga mbizi wake kuzidiwa wakiwa chini na kupooza au kufa baada ya kupanda juu.

Tatizo la kwanza alilikuta ndani ya kofia ya chuma. Pampu zilikuwa zikipeleka hewa kidogo mno, hivyo kaboni dayoksaidi aliyoitoa mpiga mbizi kwa kupumua ilijikusanya usoni pake, akahema na kuchanganyikiwa. Haldane alielekeza kwamba kadiri mtu anavyozidi kushuka, ndivyo hewa anayopelekewa inavyopaswa kuongezwa.

Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi. Kila mita 10 za kina cha maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya usawa wa bahari. Chini ya mgandamizo huo, naitrojeni iliyomo katika hewa huyeyuka mwilini. Mtu akipanda ghafla, gesi hiyo hutoka kwa mapovu, kama soda inavyofanya chupa inapofunguliwa. Mapovu hayo ndiyo huleta maumivu ya viungo, kupooza na hata kifo.

Haldane aliwaweka mbuzi katika chumba cha chuma chenye mgandamizo mkubwa, kisha akawatoa kwa viwango mbalimbali. Aliona kwamba mgandamizo ukipunguzwa hadi nusu, madhara hayakutokea. Kwa msingi huo, mtu aliyekuwa mita 30 chini angeweza kupanda hadi mita 10, kisha asubiri, apande kidogo, asubiri tena. Mwaka 1906 maofisa wa jeshi hilo walijaribu utaratibu huo katika bahari ya Uskoti na kufika mita 64. Mtoto wake wa kiume, Jack, akiwa na umri wa miaka 13, naye alizamishwa katika vazi lililomzidi kimo, likavuja maji. Jack alikuja kuwa mwanasayansi mashuhuri, J.B.S. Haldane.

Majedwali ya kina na muda yalichapishwa mwaka 1908. Mmoja wa waandishi wenzake, Guybon Damant, aliongoza kazi ya kutoa dhahabu katika meli Laurentic, iliyozama karibu na Ireland mwaka 1917. Hadi mwaka 1924, wapiga mbizi wake walikuwa wamezama zaidi ya mara 5,000 na kutoa vipande 3,186 kati ya 3,211. Hakuna aliyepoteza maisha.

Mwaka 1915, majeshi ya Ujerumani yalipotumia gesi ya klorini huko Ypres, Haldane alipelekwa haraka kuitambua gesi hiyo na kusaidia kubuni kinga ya askari. Hata uzeeni hakupumzika. Alifariki mjini Oxford Machi, 1936, akiwa na miaka 75, muda mfupi baada ya safari ya Iran na Iraq kuchunguza madhara ya joto kwa wafanyakazi wa mafuta.

Leo mpiga mbizi huvaa mkononi kompyuta ndogo inayomwonyesha kina alichofika, muda aliokaa na mahali pa kusimama anapopanda. Hesabu zake zina tahadhari zaidi kuliko zile za mwaka 1908, lakini nyingi zimejengwa juu ya msingi wa Haldane. Kwa upande wa mgodini, kipima gesi cha kushika mkononi kimechukua nafasi ya ndege.

Hapo ndipo habari hii inaporudi Ruangwa yenye dhahabu na madini ya kinywe, na Nachingwea yenye nikeli katika kilima cha Ntaka. Kampuni kubwa zinaweza kununua vipimaji. Mchimbaji mdogo mara nyingi hushuka na kamba na tochi tu, na tochi ya betri huendelea kuwaka hata pasipo na oksijeni. Taa ya moto ingezimika, lakini nayo haiwezi kumwonya kuhusu kaboni monoksaidi.

Mafunzo ya Haldane hayahitaji fedha nyingi. Injini ya kuvutia maji isiwashwe ndani ya shimo. Baada ya kulipua baruti, watu wasubiri hadi hewa ibadilike. Na mwenzao akianguka chini, asiwepo wa kumfuata mbio kabla hewa haijapimwa au kupulizwa, kwa sababu gesi iliyomwangusha wa kwanza bado ipo shimoni ikimsubiri mwokoaji.