Spedan Lewis na duka alilowaachia wauzaji wake

Huko Uingereza kuna kampuni ya maduka inaitwa John Lewis Partnership. Ndiyo yenye maduka makubwa ya John Lewis, ambako unapata mapazia, kitanda, sufuria na suti chini ya paa moja, na ndiyo yenye supamaketi za Waitrose. Kwa miaka mingi, ikifika Machi, wafanyakazi wake wamekuwa wakisubiri namba moja tu itangazwe. Mwaka 2008 namba hiyo ilikuwa 20. Maana yake kila mfanyakazi, awe anapanga nyanya kwenye rafu au ni mwenyekiti wa kampuni, alipata bonasi ya asilimia 20 ya mshahara wake wa mwaka. Asilimia ni ile ile kwa wote. Kweli, asilimia 20 ya mshahara mnono si sawa na asilimia 20 ya mshahara wa mpanga nyanya, tusidanganyane. Lakini hakuna mwenye hisa wa nje aliyekaa pembeni akisubiri gawio lake. Hayupo.

Aliyemwondoa huyo mwenye hisa ni John Spedan Lewis, na kichekesho ni kwamba mwenye hisa mwenyewe alikuwa yeye.

Alizaliwa London tarehe 22 Septemba 1885. Baba yake, Mzee John Lewis, alikuwa yatima kutoka mji mdogo wa Shepton Mallet, akalelewa na shangazi, akaja London akafanya kazi ya kuuza vitambaa kwenye maduka ya watu. Mwaka 1864 akafungua lake, Oxford Street. Siku ya kwanza aliuza vitu vya shilingi 16 na peni 4. Miaka 40 baadaye alikuwa tajiri mkubwa, na mbishi kupita kiasi. Mwaka 1903 aligombana mahakamani na mwenye ardhi wake, akakaidi amri ya mahakama, akafungwa wiki tatu katika gereza la Brixton, akiwa na umri wa miaka 60 na ushee. Mama, Eliza, alikuwa mwalimu, mmoja wa wanawake wa mwanzo kusoma Girton, chuo cha wanawake cha Cambridge. Sisi wa elimu turuhusiwe kujivuna kidogo hapo.

Spedan hakwenda chuo kikuu. Alipofika miaka 19 aliingia dukani kwa baba, na alipofika 21 akapewa robo ya biashara. Mdogo wake Oswald naye akapata robo yake. Hapo ndipo kijana akaanza kupekua vitabu vya hesabu, na akakutana na namba ambazo hazikumtoka kichwani maisha yake yote. Yeye, mdogo wake na baba yao, watu watatu, walikuwa wakichukua karibu pauni 26,000 kwa mwaka kutoka kwenye biashara. Wafanyakazi wote, watu kama 300, kwa pamoja walilipwa pauni 16,000.

Hebu piga hesabu mwenyewe. Upande mmoja ni wastani wa zaidi ya pauni 8,600 kwa kichwa, upande wa pili pauni 53. Hao wa pauni 53 ndio waliosimama kutwa nzima nyuma ya meza wakikata kitambaa, na wakiugua au wakizeeka hapakuwa na la kuwasaidia. Mzee John aliona hivyo ndivyo biashara inavyokwenda. Mtoto hakuona hivyo, lakini pia hakujua afanye nini.

Jibu lilimjia kitandani. Mwaka 1909 alikuwa anakwenda kazini akiwa juu ya farasi, akaanguka, akaumia mapafu. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja na akakaa karibu miaka miwili bila kufanya kazi sawasawa. Mtu mwingine angesoma riwaya. Spedan alipanga jinsi duka linavyoweza kuendeshwa ili faida iwe ya wanaoizalisha.

Nafasi ya kujaribu aliipata kwa mlango wa nyuma. Mzee alikuwa amenunua duka jingine, Peter Jones, lililoko Sloane Square. Inasimuliwa kwamba alikwenda kulinunua kwa miguu, noti 20 za pauni 1,000 zikiwa mfukoni. Duka lenyewe lilikuwa hoi. Mwaka 1914 akampa Spedan alisimamie, kwa sharti moja: asiondoke Oxford Street kabla ya saa 11 jioni. Yaani kazi ya baba kwanza, majaribio yako baadaye ukitaka. Kijana akakubali. Kila jioni akawa anatoka kwa baba anakwenda Peter Jones kuanza siku ya pili.

Alichofanya kule ndicho kiini cha habari hii. Alipunguza saa za kazi na kuongeza wiki ya tatu ya likizo yenye malipo, jambo lisilojulikana kwa wauza duka wa wakati ule. Akaanzisha kamati ambazo wafanyakazi wa chini walichagua wawakilishi wao, wakakaa na uongozi wa juu bila mabosi wao wa kila siku kuwamo chumbani. Mwaka 1918 akaanzisha gazeti la ndani, Gazette, ambamo mfanyakazi aliweza kuandika lalamiko bila kutaja jina, na likachapishwa, na mhusika akatakiwa ajibu hadharani. Sisi tuliozoea masanduku ya maoni yenye kufuli lililoshika kutu tunaweza kuelewa uzito wa jambo hilo. Hakutaka faida tu igawanywe. Alitaka pia watu wajue hesabu za duka na wawe na pa kuulizia.

Mwaka 1916 walikosana na baba. Spedan akairudisha robo yake ya Oxford Street, ile yenye hela, akachukua Peter Jones yote. Na Peter Jones ikaanza kupata faida. Mwaka 1920 wafanyakazi wake wakapata mgao wao wa kwanza. Hakuwapa fedha mkononi, kwa maana fedha hazikuwepo za kutosha. Aliwapa hati za ahadi ya hisa. Mwaka huo huo, kule Oxford Street, wafanyakazi kama 400 wa Mzee John, wengi wao wanawake, waligoma. Wananchi wengi waliwaunga mkono. Mzee hakutikisika, na waliogoma wakapoteza kazi. Baba na mtoto, jiji moja, mwaka mmoja.

Nisimpambe sana lakini. Miaka michache iliyofuata biashara ilidorora, migao ikakatika, na mwaka 1924 aliyemwokoa Spedan kwa mkopo wa pauni 20,000 alikuwa baba yake yule yule. Walikuwa wamepatana. Kabla ya hapo, mwaka 1923, Spedan alikuwa amemwoa Beatrice Hunter, mhitimu wa Oxford aliyeajiriwa dukani. Kuajiri wahitimu wa vyuo vikuu, wanawake kwa wanaume, kwenye biashara ya vitambaa lilikuwa wazo lake jingine lililoonekana la ajabu.

Mzee John alifariki 1928, na miaka 92 yake. Spedan alikuwa ameshanunua fungu la Oswald, kwa hiyo duka lote likawa lake peke yake. Mwaka uliofuata, 1929, alisaini hati ya amana. Hakuwagawia wafanyakazi hisa moja moja, na hapa wengi wanakosea. Angefanya hivyo, wangeziuza siku ya shida, na baada ya miaka 20 duka lingekuwa la matajiri wengine. Aliziweka hisa kwa wadhamini, wazishike kwa niaba ya wote wanaofanya kazi pale. Ukiajiriwa unakuwa mbia. Ukiacha kazi, ubia unaisha, huondoki na kipande. Yeye mwenyewe alilipwa karibu pauni milioni moja, lakini kidogo kidogo kwa miaka 30, bila riba, kutoka kwenye faida ya kampuni. Kwa maneno mengine aliwauzia duka kwa mkopo ambao duka lenyewe ndilo lililoulipa.

Je, hapo wafanyakazi wakawa na duka kweli? Faida, ndiyo. Usemi, bado. Katika hati ya 1929 Spedan alibaki na mamlaka ya mwisho mkononi, na alikaa nayo miaka 21. Katika muda huo alinunua maduka kumi ya Waitrose (1937) na maduka ya mikoani yaliyokuwa ya Selfridge (1940), na akashuhudia duka la Oxford Street likiungua kwa mabomu ya Wajerumani Septemba 1940. Alikuwa na haraka, mkali, mwandishi wa memo zisizo na mwisho. Ni mwaka 1950 tu, kwa hati ya pili, ndipo alipoachia kabisa. Katiba ya kampuni imegawa mamlaka pande tatu: mwenyekiti, bodi, na baraza ambalo wabia hulichagua na ambalo linaweza kumwondoa mwenyekiti. Naona kutoa pesa kulimchukua siku moja ya kusaini, kutoa usemi kukamchukua nusu ya maisha yake ya kazi.

Mwaka 1955, akiwa na miaka 70, alistaafu na kumwachia Bernard Miller, mhitimu wa Oxford aliyeingia kampuni 1927. Hakumwachia mwanawe. Kisha akajuta. Akawa anaandika barua kukosoa mambo yanavyoendeshwa, na wabia, wakiwa na chombo alichowajengea mwenyewe, wakaendelea na kazi zao. Aliishi Longstock, Hampshire, kwenye bustani zake za maji na ndege wake, bila Beatrice, aliyefariki 1953. Alifariki huko tarehe 21 Februari 1963.

Mwaka huo wa kifo cha Beatrice kampuni haikuwa na bonasi. Haikukosekana tena mpaka 2021, baada ya korona kufunga maduka, namba ilipotangazwa ni sifuri. Ilikuwa sifuri kwa wote, mwenyekiti pia.