Tatu wa Fizi: maisha ya Che Guevara na tumbaku yake

Alfajiri ya tarehe 24 mwezi wa 4, 1965, mashua iliyotoka Kigoma ilivuka Ziwa Tanganyika na kutia nanga Kibamba, kule Fizi, Kivu ya Kusini. Ndani yake kulikuwa na Wakuba wachache. Walikuwa wamepewa majina ya Kiswahili kwa kuhesabu: kiongozi aliitwa Moja, anayemfuata Mbili, na yule mzungu mwembamba, daktari anayejua Kifaransa, aliitwa Tatu. Wapiganaji waliowapokea hawakujua kwamba Tatu ndiye Ernesto Che Guevara, waziri wa zamani wa Kuba aliyekuwa anatafutwa na dunia nzima.

Hapa Butembo na Beni, wazee wanaiita miaka ile wakati wa Mulele. Simba walikuwa wamefika hata huku mwaka 1964, kabla jeshi la serikali na mamluki hawajawarudisha nyuma. Che alikuja kuwasaidia wale waliobaki kwenye milima ya kusini.

Alizaliwa Rosario, Argentina, tarehe 14 mwezi wa 6, 1928. Tangu akiwa na miaka miwili alisumbuliwa na pumu, na haikumuacha mpaka mwisho. Alimaliza udaktari mwaka 1953, akakutana na Fidel Castro kule Mexico mwaka 1955, na mwisho wa 1956 wakaingia Kuba kwa boti kuanza vita. Kwenye milima ya Sierra Maestra, mbu walikuwa wengi, na moshi wa tumbaku uliwafukuza. Huko ndiko yule mtu wa pumu alipozoea sigara nene za Kuba, zile zinazosokotwa kwa mkono kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi.

Vita vilipoisha mwaka 1959, hakuziacha. Inasimuliwa kwamba daktari alimruhusu sigara moja tu kwa siku, naye akatafuta moja ndefu ya ajabu ili asivunje amri. Mwaka 1960 serikali ya Kuba ilitaifisha viwanda vya tumbaku, na mwaka uliofuata Che akawa waziri wa viwanda. Basi sigara ikawa kazi pia, tena siasa. Mwezi wa 8, 1961, kwenye mkutano wa Uruguay, alimtumia Richard Goodwin, mshauri wa Rais Kennedy, sanduku la mbao lililojaa sigara. Goodwin alilifikisha kwa rais, na Kennedy akawasha moja. Miezi michache baadaye, mwezi wa 2, 1962, Marekani ilifunga karibu biashara yote na Kuba.

Sanduku lile halikuwa pambo tu. Sigara nene ni jani lililochachushwa na kukaushwa kwa kiasi, na mkulima yeyote wa kakao wa Beni anaelewa mara moja: ikikauka sana imeharibika, ikilowa sana imeoza. Inataka unyevu wa hewa kati ya asilimia 65 na 70, na joto la kama digrii 18 hadi 21. Ikikauka, jani linapasuka, inaungua haraka na kuchoma ulimi. Ikizidi maji, inaota kuvu. Joto likipita digrii 25, mayai ya mdudu mdogo wa tumbaku yanaanguliwa ndani na kutoboa sigara zote. Ndiyo maana Wakuba wanapenda sanduku la mwerezi, mbao inayopokea unyevu na kuurudisha pole pole.

Mtu anayeanza, aliyeletewa sigara nne au tano na ndugu kutoka safari, hana haja ya sanduku la bei. Boksi ya plastiki ya chakula yenye kifuniko kinachokaza inatosha, mradi haina harufu. Ndani yake anaweka kipande cha sponji kilicholoweshwa kwa maji yasiyo na madini kisha kikakamuliwa vizuri, juu ya kifuniko cha chupa ili kisiguse sigara, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu. Kipimo chenyewe kinahakikiwa kwa chumvi: kijiko cha chumvi chenye matone machache ya maji kinafungwa pamoja nacho kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa siku nzima, na kipimo kizuri kitaonyesha asilimia 75. Boksi inafunguliwa mara moja kwa juma ili hewa ibadilike. Inakaa kivulini, mbali na jiko, petroli na vitunguu, maana tumbaku inanyonya kila harufu. Friji haifai, inakausha.

Butembo na Beni hazifanani katika hili. Butembo iko juu na kuna baridi, hatari yake ni kuvu wakati wa mvua, basi sponji iwe ndogo au itolewe kabisa. Beni kuna joto zaidi, hatari yake ni mdudu, basi boksi ikae kwenye chumba chenye ubaridi kuliko vyote, sakafuni, mbali na bati. Na sigara iliyokauka hairudishwi kwa siku moja: inataka majuma kadhaa ya unyevu wa pole pole, bila hivyo inapasuka. Yote haya hayabadilishi jambo moja ambalo Che, kama daktari, alilijua vizuri: moshi ni adui wa mapafu, kwa mwenye pumu zaidi.

Kule Fizi hakukuwa na masanduku ya mwerezi. Kulikuwa na mvua, milima mikali, malaria, kuhara na pumu. Wakuba waliofika walizidi 100. Tarehe 29 mwezi wa 6 walishambulia Bendera pamoja na wapiganaji wa Kongo na Rwanda, wakashindwa, na Wakuba wanne walikufa. Wapiganaji wengi walitegemea dawa ya mganga kuzuia risasi. Viongozi walikuwa mbali, Dar es Salaam na Cairo. Mzee Laurent-Désiré Kabila, ambaye angekuja kuwa rais mwaka 1997, alifika Kibamba mwezi wa 7 na kukaa siku chache tu. Tarehe 21 mwezi wa 11, 1965, Che alivuka ziwa kurudi Kigoma, ameshindwa.

Alijificha kwenye ubalozi wa Kuba mjini Dar es Salaam na kuandika hesabu ya miezi ile saba. Aliwalaumu viongozi wasiofika vitani, lakini hakujiacha. Kuvaa viatu vilivyopasuka na nguo chafu, kula chakula kile kile cha askari, hakuhesabu kuwa sadaka. Alikiri kwamba mambo mawili aliyokuwa dhaifu nayo hayakupungua: tumbaku haikumkosa ila kidogo, na vitabu vilikuwa vingi. Kosa lingine alilojitwisha ni la lugha. Alikuwa na mwalimu wa Kiswahili, kijana Freddy Ilanga, ambaye baadaye alipelekwa Kuba, akasoma udaktari na kubaki huko mpaka kufa. Hata hivyo Che alijifunza Kiswahili kidogo na kwa kuchelewa, kwa sababu Kifaransa kilimtosha kuongea na wakubwa. Kumbe Kifaransa hicho ndicho kilichomtenga na askari wa kawaida.

Hesabu ile ilikaa miaka mingi bila kuchapwa. Mwenyewe alikwenda Bolivia mwisho wa 1966, akakamatwa na kuuawa kijijini La Higuera tarehe 9 mwezi wa 10, 1967, akiwa na miaka 39.

Katika milima ya mashariki wamepita viongozi wengi wa vita, na wachache wameandika wao wenyewe nini hakikuwakosa wakati watu wao walikosa. Tatu aliandika: tumbaku na vitabu alikuwa navyo, ila Kiswahili cha wale aliokuja kuwasaidia hakukipata kwa wakati.